Bwana Wastani Haishi Katonga

Mdogo wangu aliondoka Kigoma kwa gari moshi mwaka 1988 akiwa na sanduku moja la bati. Alifika Dar es Salaam, na kwa njia ambazo hata leo hajanieleza zote akafika Uingereza. Tangu wakati huo makazi yake ni mji wa Leicester. Huko amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, huko ameoa, huko amezaa, na huko ndiko magoti yake yalikoanza kumwuma. Miaka mitatu iliyopita alinipigia simu usiku, saa ambazo watu wa Katonga huwa wamelala au wako ziwani, akaniambia: "Kaka, nimepiga hesabu. Nikistaafu narudi nyumbani. Kwa pensheni yangu nitaishi Katonga kama mfalme."

Nilifurahi sana. Ni nani asiyefurahi ndugu yake wa tumbo moja akisema anarudi? Lakini nilimwuliza hesabu hiyo ameipigaje. Akanijibu kwamba amesoma mahali kuwa pato la wastani la Mtanzania ni dola elfu moja na ushei kwa mwaka, na pensheni atakayopewa ni zaidi ya mara kumi ya hizo. "Kama ninyi mnaishi kwa moja," alisema, "mimi nitashindwaje kuishi kwa kumi?"

Nilikaa kimya, yeye akadhani simu imekatika. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34, na miongoni mwa masomo niliyofundisha ni hesabu. Wastani nimewafundisha watoto mara nisizoweza kuzikumbuka: jumlisha, kisha gawanya. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyeniuliza, Mwalimu, huyo mtu wa wastani anakaa wapi? Mdogo wangu ndiye aliyenifanya nimtafute. Nimemtafuta miaka mitatu sasa, na ninaandika haya kusema kwamba bwana huyo haishi Katonga, na anayepanga uzee wake kwa kumtegemea yeye atakuja kulala nje.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato la taifa kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mpaka wa kuingilia katika kundi hilo ulikuwa dola 1,036. Tuliisikia habari hiyo redioni tukafurahi, kama raia wema. Jirani yangu mmoja, mvuvi, aliniuliza dola zake 1,080 akazichukulie wapi, benki au kwa mtendaji. Alikuwa anatania, lakini haukuwa utani mtupu. Namba hiyo hupatikana kwa kukusanya kila kilichochumwa na nchi nzima, dhahabu ya Geita, mizigo ya bandari ya Dar es Salaam, watalii wa Serengeti, maharage ya Kasulu, na kukigawa kwa vichwa vyote, cha mwenye mgodi na cha mtoto aliyezaliwa jana. Kisha shilingi hugeuzwa dola. Kazi ya namba hiyo ni kulinganisha nchi na nchi. Haikutengenezwa ili kumwambia mzee wa Leicester atakula nini Katonga na atakinunua kwa kiasi gani.

Ndugu msomaji, njoo nami mwaloni alfajiri. Tuseme kuna wanaume kumi wanaorudi na dagaa. Mmoja wao ndiye mwenye mitumbwi, injini, nyavu na taa. Kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa, na mwenye vyombo huchukua fungu kubwa kwa kuwa vyombo ni vyake. Tuseme usiku huo yeye amepata shilingi 155,000, na wale tisa wamepata shilingi 5,000 kila mmoja. Jumla ni 200,000. Gawanya kwa kumi: wastani ni 20,000. Sasa zunguka mwalo mzima umtafute mtu anayekwenda nyumbani na shilingi 20,000. Hayupo. Yuko mmoja mwenye karibu mara nane ya hizo, na wako tisa wenye robo yake. Mdogo wangu anakuja kuishi miongoni mwa wale tisa, na mkononi ameshika hesabu ya mtu wa kumi na moja ambaye hajazaliwa.

Na huo ni usiku mmoja wa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kila mwezi ziko siku za giza ambazo fedha hutembea Katonga, mama ntilie wanauza, watoto wananunuliwa madaftari. Na ziko siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi imelala mchangani na mwenye duka anafungua daftari la madeni. Ukichukua fedha za mwezi ukazigawa kwa siku 30 utapata namba nzuri tu, lakini hakuna tumbo linalokula kwa kugawa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo. Aliyeijua Katonga ya zamani anajua samaki walivyopungua. Nasema tu kwamba ndani ya wastani wa mwaka huo miezi hiyo mitatu imo, lakini huioni, kama chembe ya mchanga ndani ya dagaa walioanikwa chini, mpaka jino likutane nayo.

Mdogo wangu, ambaye utotoni alikuwa mbishi na ubishi huo alikwenda nao Uingereza, alinijibu hivi: "Basi kaka umezidi kunipa nguvu. Kama wale tisa wanaishi kwa chini ya wastani, mimi nitaishi raha zaidi." Hapa ndipo penye kosa kubwa, na ningependa tukae hapa kidogo.

Kipato kidogo cha mtu wa Katonga si gharama ya kuishi Katonga. Ni ile sehemu tu ya maisha yake inayopitia kwenye fedha. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 1,650 kwa siku, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari huo. Wataalamu wale walihesabu hata chakula ambacho mtu anajilimia mwenyewe, nao walifanya vema. Lakini ni nani aliyemhesabu bibi anayelea wajukuu saba ili mama zao waende kuanika dagaa? Ni nani aliyeihesabu ndoo ya maji anayotwikwa binti kabla ya kwenda shule, au jirani anayekukesha ukiwa na homa, au mawese yanayoletwa na wakwe bila kuulizwa bei? Kuna kijana mmoja wa ziwani ambaye kila anaporudi na kitu humwekea bakuli la dagaa ajuza mmoja jirani yetu, kwa sababu marehemu mume wa ajuza huyo ndiye aliyemfundisha kuogelea. Bakuli hilo halimo katika kitabu chochote cha takwimu. Liondoe, na yule bibi hafiki mwisho wa wiki.

Hiyo ndiyo pensheni ya Katonga. Ina michango yake, na mimi nimeilipa kwa miaka zaidi ya hamsini: kwa kuchimba makaburi, kwa kubeba wagonjwa, kwa kukaa na watoto wa watu jioni nikiwafundisha bure jedwali la saba. Mdogo wangu amelipa michango yake Uingereza, na huko ndiko alikojiwekea haki. Hapa ametuma fedha, na Mungu anajua yako mabati Katonga yaliyopanda juu kwa fedha zake. Lakini aliyekuwa akituma fedha hawezi kuja kuketi mkekani na waliokuwa wakipokea, akawa mwenzao siku hiyo hiyo. Atakuja kama mto ambao kila mtu ameshachimba mfereji wake kuuelekea.

Kwa hiyo hizo mara kumi anazojivunia, hebu tuzigawe. Ana dada wawili, wajane. Ana mimi. Kuna watoto wa marehemu kaka yetu mkubwa, sita, na watatu kati yao wana watoto. Kuna ada, kuna posa, kuna matanga. Kila mmoja wa hao ameyamudu maisha bila yeye kuwapo, hilo ni kweli. Lakini akiwa hapo barazani, na kikombe cha chai mkononi, na pensheni inaingia kila mwezi kama jua linavyochomoza, ni nani atakayepita asisalimie? Sisemi hili kwa kuwalaumu. Mimi mwenyewe nitapita.

Sasa tutazame anachotaka kununua. Nilimwomba aniorodheshee. Anataka maji ya bomba ndani na tangi la akiba. Anataka umeme wa jua, na betri zake, kwa ajili ya friji, kwa sababu friji itahifadhi dawa ya sindano ya kisukari. (Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mdogo wangu ana kisukari: katika orodha ya vyombo vya nyumbani.) Anataka gari dogo. Anataka nauli ya ndege kila mwaka kwenda kuona wajukuu, maana watoto wake wamezaliwa Leicester na hawana nia ya kuja kupigwa na jua la Kigoma.

Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kinachotoka ziwani, shambani na mikononi mwetu ni rahisi: dagaa, muhogo, mawese, matofali ya kuchoma, kushonewa kanzu. Kisichotoka hapa kimesafiri, na nauli ya safari hiyo imo ndani ya bei. Tairi halijui kwamba linauzwa kwa maskini. Betri haijui. Dawa ya kisukari haijui. Hakuna bei inayoinama ikifika Katonga kwa kutuonea huruma kwamba wastani wetu ni dola elfu moja. Na akiugua kwelikweli, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni itafanya iwezalo, kisha atapewa barua ya kwenda Bugando kule Mwanza, au Muhimbili, na hapo atajua tofauti ya kuwa mgonjwa Leicester, ambako hospitali haikumwuliza fedha, na kuwa mgonjwa mbali na mji mkubwa. Haki ile ya matibabu ya bure ya Uingereza hufuata makazi. Akihamia huku moja kwa moja ameiacha kule.

Wastani mdogo wa kipato hushusha bei ya kitu kimoja tu: jasho. Anayesema maisha ya Katonga ni rahisi anasema, bila kujua, kwamba watu wa Katonga ni rahisi. Hili ndilo lililonichoma hata nikaamua kuandika.

Maana nyumba ilikwisha kuanza kujengwa, na ilihitaji mlinzi. Nikampata kijana mmoja niliyemfundisha darasa la pili, mtu mzima sasa, mwaminifu, aliyeacha uvuvi baada ya mkono wake kuumia. Nikampigia simu mdogo wangu kuhusu mshahara. Akaniuliza wastani wa mishahara ya walinzi huko ni kiasi gani. Nikamtajia. Akasema: "Mlipe hiyo hiyo, kaka, usizidishe. Ukizidisha utaharibu soko."

Nilimsikia mdogo wangu akisema soko, na nikakumbuka barua aliyoniandikia miaka mingi nyuma, wakati bado tunaandikiana barua, akinieleza jinsi yeye na wenzake wa chumba cha kufulia walivyosimama baridini nje ya lango wakidai mshahara wa kumwezesha mtu kuishi. Barua hiyo ninayo. Hakuna mahali ndani yake aliposema kwamba wakizidishiwa wataharibu soko.

Nilimwongeza yule kijana shilingi 30,000 kila mwezi, kwa fedha za mdogo wangu, na katika daftari la ujenzi nikaandika: misumari.

Nitalirudia daftari hilo. Kwanza nimalize habari ya pensheni, kwa kuwa kuna jambo ambalo hata wasomi waliomsaidia kupiga hesabu hawakumwambia. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 pensheni mpya ya serikali ya Uingereza, ikiwa kamili, ilikuwa paundi 230.25 kwa wiki, karibu paundi 12,000 kwa mwaka. Na ili kuipata kamili kwa kawaida mtu anatakiwa awe na miaka 35 ya michango. Kila Aprili pensheni hiyo huongezwa kwa wastaafu walio kwao. Mstaafu akihamia Marekani, nyongeza inamfuata. Akihamia Jamaica inamfuata. Akihamia Mauritius inamfuata. Akihamia Tanzania, haimfuati. Inaganda pale pale ilipokuwa. Mtu aliyekuwa na pensheni kamili ya msingi ya paundi 82.05 kwa wiki mwaka 2005, akaenda kuishi katika nchi isiyo na nyongeza, mwaka 2025 alikuwa bado anapokea paundi 82.05. Mwenzake aliyebaki Leicester alikuwa anapokea 176.45. Sasa linganisha hesabu ya mdogo wangu. Ameuchukua wastani wetu wa leo na pensheni yake ya leo, akavipima, akaona amezidi mara kumi. Wastani wetu unapanda, bei zetu zinapanda, lakini pensheni yake itakuwa kama mbuzi aliyefungwa kambani wakati wenzake wanahamia malisho mengine. Akijaliwa kuishi miaka 20 hapa, na ninamwombea aishi zaidi, hizo mara kumi zitakuwa ngapi?

Kweli, shilingi yetu nayo imekuwa ikishuka, na anayepokea paundi hupata nafuu kwa hilo. Mwanzoni mwa 1986 dola moja kwa bei rasmi ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,600. Wazee wetu waliostaafu kwa shilingi miaka ile ya themanini wanajua maana yake, walio hai. Lakini shilingi ikishuka ni yale matairi na zile betri ndizo zinazopanda kwanza.

Nisije nikamwonea mtu wa mbali, akawa peke yake mwenye dhambi. Sisi wa Katonga tumempima kwa kipimo hicho hicho, na tumemwumiza zaidi. Mpwa wangu mmoja, msomi, alituletea habari kwamba mshahara wa mwaka wa mfanyakazi wa kutwa Uingereza, Aprili 2024, ulikuwa paundi 37,430. Tukazigeuza shilingi. Baraza zima likapiga mluzi. Hakuna aliyeuliza kodi ya pango ni kiasi gani, na joto la nyumba wakati wa baridi, na nauli ya basi la alfajiri. Tena ile haikuwa hata wastani wa kujumlisha na kugawa; Waingereza wenyewe huwapanga watu kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu, wakamchukua aliye katikati, jambo ambalo laiti tungelifanya mwaloni lingetupa shilingi 5,000 na si 20,000. Aliye katikati ana nusu nzima ya watu nyuma yake. Mdogo wangu yuko huko nyuma. Kima cha chini tangu Aprili 2024 kilikuwa paundi 11.44 kwa saa; mtu akifanya saa 40 kila wiki ya mwaka, hazifiki paundi 24,000, na kodi haijakatwa. Kwa miaka mingi alikuwa na kazi mbili. Lakini kwenye matanga ya mama yetu, mwaka 2016, mjomba mmoja alisimama mbele ya watu akasema mtu mwenye mshahara wa kununua mitumbwi mitatu kwa mwaka ametuma laki nne za kumzika mamaye. Watu waliitikia. Mimi nilikuwapo, na nilijua kwamba laki nne hizo alizikopa. Sikusema neno.

Na sasa lile daftari. Fedha za nyumba zilianza kuja mwaka 2014. Mama alipougua nilichukua fedha za bati nikamtibu, na alipofariki nilichukua za milango nikajazia maziko. Hayo nilimweleza, akasema, "Umefanya vizuri, kaka." Lakini daftari lina mistari mingine ambayo sikumweleza. Ada ya mtoto wa dada yetu ipo, imeandikwa kokoto. Kuna mwezi mmoja wa mbalamwezi ambao nyumba tatu za ukoo zililishwa na mfuko mmoja wa saruji ambao haukununuliwa. Nilijiambia kwamba yeye ana nyingi. Nilimgawa kwa wastani wa Uingereza, kama mjomba.

Watu wa huku si wa kwanza kufanya hivyo, na yeye si mgeni wa kwanza. Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, amechoka, amekonda, akitegemea kukuta shehena yake ya nguo na shanga aliyotumiwa kutoka pwani, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi hii. Akakuta aliyekabidhiwa ameiuza yote. Watalii wanapelekwa pale chini ya mwembe kuoneshwa alipokutana na Stanley. Habari ya shehena haisimuliwi sana. Mimi kila nikipita pale naikumbuka shehena.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2003 mdogo wangu alichukua uraia wa Uingereza, na kwa sheria yetu, isiyoruhusu uraia wa nchi mbili, aliyefanya hivyo si raia tena. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo kiwanja kimeandikwa jina langu. Nyumba ya uzee wa mdogo wangu, iliyojengwa kwa saa za usiku za chumba cha kufulia, kisheria ni yangu. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa Watanzania wa asili walio raia wa nchi nyingine Hadhi Maalumu, pamoja na njia ya kumiliki ardhi kwa masharti yake, nami nimemhimiza aiombe. Bado hajaiomba. Anasema fomu ni nyingi. Mimi nina miaka 71. Nina wanangu wa kiume watatu, na nimewaona wakipita kwenye ile nyumba jioni na kuitazama, si kwa jicho baya, lakini wanaitazama. Hakuna namba ya Benki ya Dunia itakayomsaidia mdogo wangu siku nitakayozikwa.

Sisemi asirudi. Nataka arudi. Nataka tukae kwenye kile kibaraza tukitazama taa za wavuvi usiku, zinavyojipanga ziwani kama mji. Lakini nataka aje kama mtu aliyehesabu watu, si mtu aliyehesabu vichwa. Nimemwambia aje kwanza kwa miezi sita, alale chumba changu cha nyuma, afike wakati wa mbalamwezi ambapo hakuna fedha kijijini, anunue dawa yake hapa hapa, alipe kila kitu kwa mkono wake mwenyewe na kuandika. Kisha arudi Leicester na daftari hilo, apige hesabu upya.

Na langu nimempelekea. Mpwa wangu msomi alipiga picha kila ukurasa, nami nikaambatanisha karatasi inayoeleza kila mstari ulivyokuwa kweli: kokoto ni nini, saruji ni nini. Siku nne zilipita. Siku ya tano alipiga simu usiku, saa zake zile zile.

"Kaka," alisema, "misumari ya elfu thelathini kila mwezi. Tulikuwa tunajenga meli?"

Nikamwambia ni mlinzi, kama nilivyoandika. Akanyamaza, na safari hii mimi ndiye niliyedhani simu imekatika. Nilimwita mara mbili.

"Nipo," akasema. Halafu akauliza, "Huyo kijana ana watoto wangapi?"

Nikamwambia wanne.